Paka Mwenye Kisukari na Jinsi Tulivyomtunza Nyumbani

Wenzangu wa bwenini walipopata habari kwamba likizo yangu ndefu ya mwaka juzi niliitumia kumpiga paka sindano, asubuhi na jioni, walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama paka huyo alikuwa na cheti cha hospitali. Nami nikacheka nao, maana jambo hili ukilisikia mara ya kwanza ni la kuchekesha. Lakini kicheko kilipokwisha walianza kuuliza maswali, na maswali yao yalikuwa mazuri kuliko majibu yangu. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike niliyojifunza, kwa faida ya wasomaji wa gazeti letu, na ya wazee waliotutangulia shuleni hapa, ambao wengi wao nadhani wana paka nyumbani, na baadhi yao wana kisukari wao wenyewe.

Kwetu ni Jinja, Uganda. Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi katika East African Railways, na shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na reli ya Uganda mpaka alipostaafu. Ndiyo sababu nyumbani kwetu husemwa Kiswahili kuliko lugha nyingine yo yote. Babu ana kisukari kwa miaka mingi, na hujipiga insulini mwenyewe. Paka wake aitwa Shauri, kwa kuwa hakuna shauri la nyumba ile asilojiingiza. Ni dume aliyehasiwa, na wakati ninaousimulia alikuwa na miaka tisa na uzito wa kilo sita na nusu, yaani paka mnene kweli kweli.

Habari yenyewe ilianza na maji. Dada yangu ndiye aliyekuwa akijaza bakuli la Shauri, naye akaona kwamba bakuli lililokuwa likikaa siku mbili sasa lakauka kabla ya adhuhuri. Tena mchanga wa sanduku lake la choo ulikuwa ukilowa kama uliomwagiwa ndoo. Alikuwa akila sana, hata akaiba chapati mezani, na juu ya hayo yote alikuwa akikonda. Mwisho nikaona jambo lililonitisha: miguu yake ya nyuma ilikuwa ikikanyaga chini mpaka kwenye kisigino, badala ya kutembea kwa vidole kama paka wote. Babu alimtazama akipita uani kwa mwendo ule, kisha akasema, “Huyu ana ugonjwa wangu.” Sisi tulidhani anafanya mzaha.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye siku nyingi kazi yake ni ng'ombe na kuku, lakini alimpokea Shauri kwa heshima. Alipima damu, akapima na mkojo. Nilimwuliza kwa nini apime vyote viwili, akanieleza jambo ambalo sikulijua. Paka akiogopa, sukari ya damu yake hupanda sana kwa hofu tu, na hakuna paka asiyeogopa akitiwa kikapuni na kupandishwa bodaboda. Basi damu peke yake yaweza kusema uongo. Lakini sukari haimwagiki katika mkojo wa paka ila damu imepita kiasi kama 14 hivi kwa kipimo cha milimoli, na hofu ya nusu saa haitoshi kuujaza mkojo. Mkojo wa Shauri ulikuwa umejaa sukari. Damu yake ilisoma 24. Paka mzima, akiwa ametulia, huwa kati ya 4 na 8 hivi.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, kwa ufupi, maana wanaosoma elimu ya viumbe watakuwa wanajua. Chakula kikiisha kusagwa, sukari yake huingia katika damu, na kutoka katika damu yapaswa iingie ndani ya chembe za mwili ili iwe nguvu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo yenye kuufungua mlango. Katika kisukari cha paka, mara nyingi kongosho bado yatoa insulini kidogo, lakini mwili hauitii. Na kongosho ikifanya kazi kupita nguvu zake huchoka. Ni karibu sawa na kisukari cha watu wazima. Wanaopatwa sana ni paka madume, waliohasiwa, wanene, waliopita umri wa ujana. Shauri alikuwa na sifa zote. Juu ya hayo, mwaka ule alikuwa na ugonjwa wa ngozi wa kujikuna, akapigwa sindano za dawa ya aina ya steroidi mara kadhaa. Dawa hizo ni nzuri kwa kazi yake, lakini zaweza kuuzuia mwili usiitii insulini, na kwa paka aliye ukingoni zaweza kumsukuma. Daktari alituambia tusimpige tena sindano hizo, na neno hilo mtaona mbele lilikuwa na maana yake.

Nyumbani pakawa na mkutano. Mjomba wangu, ambaye ndiye anayelipa karo yangu, na kwa hiyo simsemi vibaya, alisema wazi kwamba dawa ya mtu haiwezi kupewa paka. Wako watoto wanaokosa insulini, alisema, na sisi twataka kununua ya mnyama. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana alisema kweli. Mimi, kwa ujinga wangu, nikatoa shauri la kumaliza ubishi: Babu hupewa chupa yake kliniki, na paka ahitaji tone dogo tu; kwa nini tusimgawie katika chupa ile? Babu alinitazama kama ninayetaka kuiba mizigo stesheni. Akasema chupa ile ni ya serikali, imeandikwa jina lake, na si tone moja litakalotoka. Kama Shauri ataishi, ataishi kwa fedha ya Babu. Wiki ile akauza beberu wawili.

Baadaye daktari alinionyesha kwamba shauri langu lilikuwa baya hata mbali ya uaminifu. Insulini ya Babu ni mchanganyiko wa insulini ya haraka na ya kadiri, na katika mwili wa paka dawa ya namna hiyo hushuka kwa nguvu kisha huisha mapema kabla ya saa kumi na mbili. Shauri aliandikiwa insulini iitwayo glarjini, ambayo hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu. Nayo ni dawa ya watu, ila paka wengi hutumia hiyo hiyo. Huuzwa katika chupa ya mililita 10 yenye yuniti 1000, au katika kalamu ya mililita 3 yenye yuniti 300. Tulinunua kalamu, maana paka anayetumia yuniti mbili kwa siku hawezi kuimaliza chupa kubwa kabla haijaharibika. Hatukumchoma kwa kalamu yenyewe. Tulikuwa tukivuta dawa kwa bomba dogo la sindano.

Na hapa nataka kukawia kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoua wanyama wao bila kujua. Insulini hupimwa kwa yuniti, si kwa mililita. Ziko insulini zenye yuniti 100 katika kila mililita, ndizo za watu. Na ziko za wanyama zenye yuniti 40. Kila moja ina mabomba yake yaliyochorwa mistari kwa hesabu yake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa kwanza, hukuvuta yuniti moja bali mbili na nusu. Kinyume chake, insulini ya 40 katika bomba la 100 itampa mnyama chini ya nusu ya haki yake. Kila ukinunua, soma namba iliyo juu ya chupa na namba iliyo juu ya bomba, uone kwamba ni moja. Tena yako mabomba ya mililita 1 ambayo kila mstari wake ni yuniti mbili. Hayo hayafai kwa paka hata kidogo. Tafuta ya mililita 0.3, na ukipata yenye mistari ya nusu yuniti, nunua ya kutosha. Sisi tulizunguka maduka ya dawa ya Jinja siku nzima tusiyapate, tukaagiza Kampala kwa dereva wa taksi.

Daktari aliamuru yuniti 1 asubuhi na yuniti 1 jioni, tuachanishe saa kumi na mbili. Katika hesabu yetu ya saa jambo hili ni rahisi: saa moja mpaka saa moja. Jinja iko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua letu halibadili desturi, kwa hiyo baada ya siku tano Shauri alikuwa akiketi mlangoni mwa jiko bila kuitwa.

Kumchoma si kazi ngumu kama watu wadhanivyo. Kwanza ale, nawe uone kwa macho yako kwamba amekula. Anapomalizia sahani yake, vuta ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili ikae kama hema dogo, uingize sindano chini ya hema, usukume, utoe. Sindano ni nyembamba mno, na mara nyingi Shauri hakuacha hata kulamba sahani. Siku ya kwanza nilitoboa hema pande zote mbili, dawa ikamwagika juu ya manyoya. Nilitaka kumpiga nyingine. Babu akanishika mkono. Hiyo ni sheria: ukiwa huna yakini kama dawa imeingia, usirudie. Paka akikosa sindano moja sukari yake itapanda mpaka jioni, basi. Akipata mbili aweza kufa. Vivyo hivyo, paka aliyekataa chakula au aliyetapika hapigwi sindano mpaka umemwuliza daktari.

Insulini ya glarjini ni maji safi yasiyo na rangi, na haitikiswi. Ikionekana ina ukungu au vipande, itupwe. Hukaa katika friji, lakini si karibu na barafu, maana insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Na umeme wetu mnaujua. Ulipokatika tuliitia kalamu ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, tukaitia katika chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye maji, kivulini. Babu alifanya hivyo miaka mingi na dawa yake, na hospitali moja iliwahi kumwambia kwamba ni ushamba. Lakini mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamepima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kaskazini mwa Kenya, kisha wakaziweka insulini kadhaa katika joto la namna ile ile, la kupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37, kwa wiki nne. Hazikupoteza nguvu zake. Hiyo si ruhusa ya kuiacha juani au ndani ya gari. Lakini asiye na friji asidhani kwamba hana njia.

Sasa chakula. Naona aibu kueleza Shauri alikuwa akila nini. Alikula posho na mukene kidogo juu yake, makombo ya wali, na kila asubuhi Babu alimwachia chai ya maziwa katika kisahani, nayo ina sukari. (Babu mwenyewe haruhusiwi kunywa chai hiyo. Tulipogundua kwamba chai ya paka hutiwa sukari na ya Babu haitiwi, na kwamba Babu huionja ya paka kwanza, dada alikasirika sana.) Paka si kama mbwa wala mtu. Ni mla nyama wa asili. Mwili wake umezoea kutengeneza sukari ya kumtosha kutoka katika protini, na wanga mwingi kwake ni mzigo. Paka mwenye kisukari afaa apate wanga kidogo sana, na protini nyingi.

Chakula cha makopo kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, kile laini chenye maji, ndicho bora, kwa sababu kimekamilika. Sisi tuliweza kununua cha kutosha nusu tu, na nusu nyingine tukapika wenyewe, na kupika kwenyewe kuna mambo yake. Samaki apikwe. Samaki wengine wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka akila hao siku zote hupatwa na ugonjwa wa fahamu. Tena paka hawezi kujitengenezea vya kutosha kitu kiitwacho taurini, kilichomo katika nyama na samaki; mwaka 1975 iligunduliwa kwamba akikikosa macho yake huharibika, na mwaka 1987 ikajulikana kwamba na moyo pia. Taurini huyeyuka katika maji, kwa hiyo tulimpa Shauri sangara au kuku wa kuchemsha pamoja na mchuzi wake, usio na chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa paka. Ini tulimpa kipande kidogo mara moja kwa wiki, si zaidi, kwa sababu ini nyingi huzidisha vitamini A na kuharibu mifupa. Mukene ni wazuri kwa kuwa huliwa na mifupa yao, na nyama tupu haina chokaa ya kutosha. Ila waoshwe vizuri, wale wa kuanikwa chini huwa na mchanga.

Nusura tukosee hapa pia. Siku tulipojua habari ya wanga, dada alitaka kuondoa posho yote siku ile ile. Daktari alipiga kelele katika simu. Paka ambaye ameanza insulini, ukimwondolea wanga ghafula, sukari hushuka upesi na kipimo cha jana huwa kikubwa mno leo. Tulibadili polepole kwa siku kumi, tukipima damu. Wala paka mnene hashindishwi njaa ili akonde. Paka asipokula siku mbili tatu mafuta huvamia ini lake, na hilo ni hatari kubwa kuliko unene.

Tulipima damu nyumbani, sikioni. Ukingoni mwa sikio la paka upo mshipa mdogo. Ulipashe sikio kwa kitambaa cha moto kidogo, weka pamba nyuma yake, utoboe kwa kisindano kile cha kutobolea kidole, litatoka tone la kutosha. Tulitumia mashine ya Babu, lakini kila mmoja na visindano vyake. Yafaa kujua kwamba mashine za watu, zikipimia damu ya paka, mara nyingi husoma chini kidogo kuliko kweli. Kwa hiyo tulimwambia daktari ni mashine gani, naye akahesabu hivyo. Namba zote ziliandikwa katika daftari moja: ukurasa wa kushoto Babu, wa kulia Shauri. Nilipoyalinganisha, mara nyingi Shauri ndiye aliyekuwa na nidhamu.

Yuniti 1 haikutosha. Baada ya wiki moja daktari akapandisha kuwa moja na nusu, kisha mbili. Miguu ilianza kusimama vizuri. Ndipo ikatokea ile siku ya mwezi wa Desemba.

Jioni ile nilikuwa nimekwenda dukani nikachelewa. Saa moja ilipofika dada alimlisha Shauri akamchoma. Niliporudi saa moja na robo dada alikuwa kwa jirani; nikaona sahani tupu, Shauri akinisugua miguu akilia kama asiyepata kitu tangu jana. Nikampa chakula, nikamchoma yuniti 2. Daftari lilikuwa juu ya kabati. Dada alikuwa hajaandika, kwa kuwa alitaka kuandika akirudi, na mimi sikutazama. Hatukujua mpaka saa nne na nusu usiku, Shauri alipotoka chini ya kiti akiyumba kama mlevi, macho yamepanuka, kichwa kikitetemeka. Nilisema, “Mbona hivi, na mimi nilimchoma baada ya kula?” Dada akasema, “Wewe ulimchoma?”

Mashine ilisoma 2.1.

Sukari ikishuka hivyo ubongo hukosa chakula. Paka huwa mnyonge, hujificha, huyumba, kisha huingia katika degedege na kuzimia. Dawa yake ni sukari, na tena upesi. Tulikuwa na asali katika kopo la maziwa, imewekwa kwa kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Babu aliketi chini, miaka yake yote hiyo, akamlaza Shauri mapajani, nami nikampaka asali katika ufizi kwa kidole, kidogo kidogo. Haimwagwi kooni, maana mnyama asiyeweza kumeza huvuta mapafuni. Baada ya dakika kumi alianza kulamba. Tukampa chakula, hata posho siku ile ilipata kazi yake. Lakini glarjini haiishi upesi, na yuniti nne zilikuwa mwilini mwake. Daktari alisema katika simu tumpime kila saa mpaka asubuhi, na akianza degedege tumlete usiku ule ule. Akashuka tena saa saba, na tena saa tisa. Umeme ulikuwa umekatika. Aliyeshika tochi usiku kucha, ili nione sikio, ni Mjomba. Hakusema neno juu ya beberu.

Alfajiri alikuwa 9. Tangu siku ile, kalamu ya wino ilifungwa kwa uzi kwenye friji pamoja na daftari, na sheria ikawa kwamba jina na saa huandikwa kabla bomba halijavutwa. Nami nilipata kuelewa kwa nini Babu, anapojichoma, husema kwa sauti, “Nimechoma,” hata kama yuko peke yake chumbani. Nilidhani ni uzee.

Katika usiku zile za kungoja nilisoma habari ya insulini ilikotoka. Iligunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod, kwa majaribio ya mbwa. James Collip akaisafisha. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari alikuwa akingojea kufa tu. Banting, Best na Collip waliiuza haki yao ya uvumbuzi kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, na Mjomba alipolisikia hilo aliuliza kwa nini basi bei ni hii. Sikuwa na jibu. Miaka mingi insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, mpaka ile ya kibinadamu iliyotengenezwa kwa bakteria iliporuhusiwa mwaka 1982. Insulini ni kama uzi wa shanga 51. Ushanga mmoja tu ndio unaotofautisha ya paka na ya ng'ombe, na nne ndizo zinazoitofautisha na ya mtu. Hata hivyo mwili wa paka huzitambua zote. Siku hizi zipo na dawa za kumeza za paka, mbili zimeruhusiwa Marekani, moja mwaka 2022 na nyingine 2023, ambazo humwaga sukari kwa njia ya mkojo. Lakini hazifai kwa paka ambaye amekwisha kutumia insulini.

Katika Januari namba za Shauri zilianza kushuka zenyewe. Daktari akarudisha yuniti 1, baadaye nusu. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe paka wana bahati ambayo mtu mwenye kisukari cha utotoni hana: wakitibiwa mapema, na chakula kikibadilishwa, kongosho iliyochoka hupumzika, na baadhi yao huweza kuacha insulini kabisa, mara nyingi katika miezi sita ya kwanza. Yule ambaye ugonjwa wake umechochewa na steroidi, na dawa hiyo ikaondolewa, ana tumaini zaidi. Tarehe 3 Machi Shauri hakupigwa sindano, wala siku iliyofuata. Nasisitiza kwamba aliyeamua ni daktari, kwa namba za wiki tatu. Na mwenzangu ye yote shuleni ambaye anajichoma kwa kisukari cha ujana asiifuate habari hii ya paka: kwa mtu wa namna hiyo kuacha insulini ni kufa.

Ugonjwa waweza kurudi, kwa hiyo hatukutupa kitu. Mabomba yaliyobaki yako katika sanduku la bati pamoja na nishani ya Babu ya utumishi wa reli. Shauri sasa ana kilo tano, hapewi posho wala chai, na kila Jumamosi dada hupima maji aliyokunywa kwa siku moja na kuuchovya mkojo kwa karatasi ya kupimia. Barua yake ya mwisho kwangu ilisema: maji mililita 140, karatasi haikubadili rangi, Babu 11 kabla ya chakula cha asubuhi, na ameonekana karibu na kopo la asali.